Mtoto Hatulii

Mwaka 1872, katika studio ya London Stereoscopic Company jijini London, mtoto aliyetoka Tabora alipigwa picha. Alikuwa na umri wa miaka kama saba. Aliyekuwa naye katika picha ni mwandishi na msafiri Henry Morton Stanley, amevaa mavazi ya safari kana kwamba ametoka porini asubuhi ile, ilhali pori lenyewe lilikuwa mwendo wa miezi kutoka pale. Jina la kwanza la mtoto huyo, kama Stanley mwenyewe alivyoliandika, lilikuwa Ndugu M'hali. Mfanyabiashara mmoja Mwarabu alimtoa zawadi kwa Stanley huku Unyanyembe, eneo la Tabora, mwaka 1871, kwani mtoto alikuwa mtumwa, na Stanley akambadilisha jina akamwita Kalulu. Alimpeleka Uingereza na Marekani, akamtia shule, akaandika riwaya yenye jina lake iliyotoka mwaka 1873, kisha akarudi naye Afrika. Machi 1877 Kalulu alizama katika maporomoko ya Mto Kongo, angali mtoto.

Mimi ni mpiga picha, na kazi yangu kubwa naifanya Ulyankulu, upande wa kaskazini magharibi mwa mji wa Tabora. Hii ni nchi ya Mtemi Mirambo. Agosti 1871 Waarabu wa Tabora waliivamia Ulyankulu, Stanley akiwa upande wao, ingawa siku yenyewe ya uvamizi alikuwa amelala na homa. Mirambo aliwavizia wakirudi na mateka na pembe zao, akamuua Soud bin Sayd aliyewaongoza, kisha akashuka hadi Tabora na kuuchoma mji. Njia ya misafara ya kwenda Ujiji ikafungwa. Ni katika majuma yaliyofuata vita hivyo, Stanley akingoja njia nyingine ya kupitia, ndipo alipopewa mtoto. Kwa hiyo picha ile ya London ni sehemu ya historia yetu. Kwa ninavyojua mimi, ni miongoni mwa picha za mwanzo kabisa za mtoto wa njia hii ya misafara.

Kinachonishika katika picha hiyo ni jinsi mtoto alivyotulia. Hana ukungu wa kutikisika, hana mkono uliochoreka kwa haraka, hana shingo iliyogeuka kufuata sauti ya mlango. Mtoto wa miaka saba ndani ya chumba kigeni, katika nchi ya baridi, mbele ya sanduku la mbao lenye jicho la kioo, amesimama kama alivyoambiwa. Na ilibidi. Picha za wakati huo zilipigwa kwenye kioo kilichopakwa dawa, ambacho kilitakiwa kutumika na kusafishwa kikiwa bado kibichi, na ndani ya studio anayepigwa alitakiwa akae bila kutikisika kwa sekunde kadhaa. Watu wazima waliwekewa chuma cha kushikilia kisogo. Watoto wachanga walipakatwa na mama zao, na mama akafunikwa shuka gubigubi ili asionekane. Ukizitazama picha hizo za Ulaya leo unaona mtoto amekaa juu ya kitu kinachofanana na kiti kilichovishwa nguo, halafu unagundua kwamba kiti kina mabega.

Nimeona shuka hilo hapa Ulyankulu. Ingia studio yoyote ya picha za paspoti siku ambayo mama amekuja na mtoto wa miezi minane. Kitambaa cha bluu kimepigiliwa ukutani kwa misumari. Mtoto hawezi kukaa peke yake kwenye stuli, basi mama anapita nyuma ya kitambaa, anaingiza mikono chini yake na kumshika mwanawe mbavuni, naye mtoto anaonekana ameketi hewani mbele ya bluu tupu. Mpiga picha anagonga funguo kwenye meza, anaita, anapuliza midomo. Mtoto anageuka kutafuta mikono inayomshika ni ya nani. Tena. Mtoto anaangalia juu kwenye bati. Tena. Kitambaa kinavutika na kidole gumba cha mama kinatokeza karibu na kwapa. Mwishowe inapatikana picha moja ambayo macho yote mawili yanatazama mbele na mdomo umefungwa, na hiyo ndiyo inayokatwa vipande vinne na kuingia kwenye bahasha. Zile nyingine zote, alipokuwa akicheka, akishangaa, akimtafuta mama yake, zinafutwa hapohapo ili kadi isijae.

Nchi yetu hii ina sababu ya kuzoea picha za namna hiyo. Ulyankulu ya leo ilianza mwaka 1972, wakimbizi kutoka Burundi walipopokelewa baada ya mauaji ya mwaka ule na kugawiwa mashamba msituni, kando ya barabara zilizopewa namba. Ndiyo maana Tanzania nzima inaijua kwaya ya Barabara ya 13 hata kama haijui barabara yenyewe iko wapi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 maelfu walihamishiwa makazi ya Mishamo kwa sababu maji na ardhi havikutosha watu wote. Mwaka 2007 wakaulizwa kama wanataka kurudi Burundi au kuomba uraia, na katika miaka iliyofuata zaidi ya watu 160,000 wa makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo wakawa Watanzania. Maisha ya namna hiyo yanapita kwenye fomu, na fomu inataka sura iliyotulia. Kwa mzee aliyepitia hayo yote, picha ni kitu unachopeleka ofisini. Akiona kamera, anafunga vifungo vya shati na kunyoosha mgongo, na mjukuu aliye pembeni yake anapigwa kikofi cha bega: tulia, unapigwa picha.

Neno hilo, tulia, lilikuwa na maana mwaka 1872. Leo mashine haina haja nalo. Kamera ya kawaida ya dijitali inaweza kufungua jicho lake kwa sehemu moja ya 500 ya sekunde na kulifunga. Tufanye hesabu ndogo. Mtoto wa miaka miwili anayemkimbiza kuku tumkadirie mita mbili kwa sekunde. Kwa sehemu moja ya 60 ya sekunde atakuwa amesogea sentimita tatu na zaidi, na uso wake utakuwa umeyeyuka kwenye picha. Kwa sehemu moja ya 500 atakuwa amesogea milimita nne tu, na utaona hadi vumbi lililonata kwenye magoti. Mashine imeshamruhusu mtoto akimbie. Sisi ndio bado tunamzuia, kwa amri iliyorithiwa kutoka enzi ya vioo vibichi, na ninaamini kwamba picha nyingi mbaya za watoto zinatokana na amri hiyo kuliko na ubovu wa kamera.

Tena teknolojia hii ilizaliwa na watoto mikononi. Mwaka 1957 Russell Kirsch na wenzake, katika ofisi ya viwango ya serikali ya Marekani, walifanikiwa kwa mara ya kwanza kuingiza picha kwenye kompyuta. Picha waliyoichagua ilikuwa ya Walden, mwana wa Kirsch, mwenye miezi mitatu. Ilikuwa na pikseli 176 kwa 176, ndogo kuliko alama ya programu kwenye simu ya leo. Kamera ya dijitali aliyoiunda Steven Sasson pale Kodak mwaka 1975 ilichukua sekunde 23 kuhifadhi picha moja kwenye kaseti. Kisha Juni 1997 Philippe Kahn, akiwa hospitalini California mkewe akijifungua, aliunganisha simu, kamera na kompyuta yake na kuwatumia ndugu na marafiki picha ya bintiye aliyezaliwa siku ileile. Baba wawili, miaka 40 kati yao, na kila mmoja alipopata chombo kipya kitu cha kwanza alichotaka kukiona ndani yake ni sura ya mwanawe. Nikiwa nimechuchumaa kwenye vumbi la uwanja wa mtu, nikingoja binti wa miaka mitatu amalize kumwagia maji mdoli wake, historia hiyo hunipa moyo.

Sasa matatizo ya kweli, kwa maana yapo.

La kwanza ni kuchelewa. Kamera ndogo za dijitali zilizoingia kwetu mwanzo zilikuwa na tabia ya kufikiri: unabonyeza, inatafuta fokasi, inapima mwanga, ndipo inapiga, na kicheko kimeshaisha. Simu nyingi za bei nafuu bado ziko hivyo, hasa ndani ya nyumba. Dawa yake inajulikana na kila anayeishi kwa kazi hii. Kwenye kamera, bonyeza kitufe nusu, acha fokasi ikamate mahali mtoto atakapopita, kisha ngoja. Ukingoja utaona kwamba mtoto ana njia zake. Anayekimbia kutoka jikoni kwenda kwenye mwembe atarudi kwa njia ileile, kwa sababu jikoni kuna mama. Kumpiga mtoto anayekimbia kunahitaji kujua nyumba yake ilivyokaa, na hilo huwezi kulijua kwa dakika tano.

Mwanga ni tatizo kubwa zaidi, na hapa ndipo nawaomba vijana wanaoanza wanisikilize. Tuko digrii chache tu kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua linapita juu ya utosi kabisa, na kwa kuwa sisi tuko magharibi lakini tunatumia saa ileile ya Dar es Salaam, jua la utosi huku linafika kati ya saa sita na nusu na saa saba hivi. Mtoto ukimpiga wakati huo, macho yake yanakuwa mashimo mawili meusi chini ya paji la uso. Ukimwingiza ndani, nyumba nyingi zina dirisha dogo moja na kiza chake ni kikubwa, kamera inaongeza ISO, yaani wepesi wake wa kuhisi mwanga, na picha inajaa chengachenga. Chini ya mwembe kuna kivuli, lakini kimejaa madoa ya jua na kina ukijani unaomkaa mtoto shavuni kama ugonjwa.

Studio bora ya Ulyankulu ni mlangoni. Mtoto akikaa kizingitini, hatua moja ndani ya kivuli, anapata anga yote ya nje mbele yake bila jua lenyewe kumgusa. Uwanja uliofagiliwa, ule udongo wetu mwekundu, unarudisha mwanga kutoka chini na kumjaza macho na shingo. Nyuma yake giza la chumba linaficha ndoo, magunia na baiskeli. Na zaidi ya yote, kizingitini ndipo watoto wadogo wanapopenda kukaa bila kuambiwa, kwa sababu wanaona wanaopita na bado wako kwao. Msimu wa tumbaku nimepata mwanga wa namna hiyohiyo kwenye milango ya mabani ya kukaushia, mchana jua likiwa kali, mtoto ameketi akicheza na kamba za kufungia majani huku wakubwa wakipanga fito.

Halafu kuna rangi ya ngozi. Kamera haijui inatazama nini; inachukua weupe na weusi wote ulioko mbele yake na kuusogeza uelekee kijivu cha katikati. Mvishe mtoto mweusi shati jeupe la shule, msimamishe mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, na kamera itaona weupe mwingi, itapunguza mwanga, na mtoto atatoka na meno na shati tu. Enzi za mkanda wa filamu hali ilikuwa mbaya zaidi, maana maabara za picha za rangi zililinganisha mitambo kwa kadi ya kupimia yenye picha ya mwanamke mweupe, na ngozi yetu haikuwa kwenye hesabu. Dijitali imetupa uwezo wa kurekebisha wenyewe: pima mwanga kwenye shavu la mtoto, achana na shati, ongeza mwanga kidogo kuliko kamera inavyopendekeza, hata kama anga la nyuma litaungua. Shavu la mtoto likipimwa vizuri lina hudhurungi, wekundu na mng'ao wa mafuta aliyopakwa asubuhi, na ni kitu kizuri mno kukitazama.

Ndiyo maana nachukizwa na mtindo ulioenea sasa wa kuwang'arisha watoto. Simu nyingi zina mahali pa kulainisha na kuweupisha sura, nyingine hufanya hivyo bila hata kuombwa, na studio nazo zinaona ni huduma. Mzazi analetewa picha ya mwanawe akiwa na rangi isiyo yake wala ya ukoo wake. Naelewa kwa nini mzazi anaipokea: miaka mingi picha zetu zilitoka nyeusi tii, na weupe ukaonekana ndio uzuri wa picha. Lakini mtoto wa miaka mitatu akionyeshwa picha hiyo na kuambiwa huyu ndiye wewe, anafundishwa jambo ambalo hakuna mtu angethubutu kumwambia kwa mdomo. Mimi sikubali kuifanya kazi hiyo, hata mteja akiniomba.

Kioo cha nyuma ya kamera nacho kimebadilisha kila kitu. Wakati wa mkanda mtoto alipigwa, akasahau, na picha ikarudi kutoka mjini baada ya majuma. Leo ukipiga mara moja unasikia, "Anko, nione!" Watoto wakubwa wanakuzunguka, mkono mmoja unashika mkanda wa kamera, mwingine unaacha alama ya mafuta ya karanga kwenye lenzi. Wataalamu wa makuzi wanasema mtoto huanza kuitambua sura yake kwenye kioo akiwa na miezi kama 18 hadi 24, na ukikaa na watoto unaliona jambo hilo kwa macho. Mdogo kabisa anagusa kioo cha kamera kama kitu kinachong'aa na kugeukia kamba yake ya viatu. Aliyevuka umri huo anajitazama, anamtazama mama, anajitazama tena. Kuanzia hapo umempoteza yule mtoto wa kwanza. Ukiinua kamera atasimama wima, atatoa vidole viwili, atakaza shavu kama alivyoona kaka zake wakifanya.

Kwa hiyo nimejifunza kuwaachia watoto kioo mwanzoni. Naketi chini, napiga ovyo, nawaonyesha, wanacheka, wanasukumana, wanachoka. Kamera ikishakuwa kitu cha kawaida kama jembe lililolazwa pembeni, wanarudi kwenye shughuli zao, nami naanza kazi. Naketi chini kwa maana ya kuketi hasa, goti kwenye udongo, jicho la lenzi likiwa sawa na jicho la mtoto. Anayepiga akiwa amesimama anapata utosi mkubwa na miguu midogo, na anampata mtoto kama wakubwa wanavyomwona siku zote. Mtoto wa miaka miwili anaishi kimo cha mbuzi, masufuria na magoti ya watu, na picha iliyopigwa kutoka hapo inaonyesha dunia anayoijua yeye.

Flashi naiepuka kwa watoto wachanga, maana huwashtua na kuharibu mwanga mzuri uliokuwepo. Lakini nina jambo la kuwaambia wazazi kuhusu flashi, na ningependa lisambae kila nyumba yenye simu. Flashi ikiwa karibu na lenzi, mwanga wake huingia kwenye mboni iliyopanuka gizani, hugonga nyuma ya jicho penye damu nyingi, na kurudi ukiwa mwekundu. Wekundu huo ni kero tu, hauna madhara. Kinachotakiwa kutushtua ni mboni moja kuwa nyekundu na nyingine kuwa nyeupe, au ya manjano, tena ikijirudia katika picha kadhaa. Weupe huo unaweza kuwa dalili ya retinoblastoma, saratani ya jicho inayowapata zaidi watoto walio chini ya miaka mitano, na ambayo mara nyingi hutibika ikiwahiwa. Bryan Shaw, mwanakemia wa Baylor University huko Texas, alimwona mwanawe akipoteza jicho moja kwa ugonjwa huo. Baadaye alirudi kwenye picha za familia, moja baada ya nyingine, akakuta weupe ulikuwa umeanza kuonekana mtoto akiwa na siku 12 tu. Utafiti wake ulichapishwa mwaka 2013, na kutokana nao ikatengenezwa programu ya simu inayotafuta weupe huo kwenye picha.

Weupe mara nyingine hutokana tu na pembe ambayo mtoto alitazama, au na ugonjwa wa mtoto wa jicho, ambao nao unahitaji tiba. Kwa hiyo mzazi asianze kulia kabla ya wakati. Ila asiseme pia kwamba ni simu mbovu. Ampeleke mtoto akaonekane, kwa kuanzia hospitali ya Kitete pale Tabora, aombe daktari wa macho, na aende na picha yenyewe. Sisi wapiga picha huenda tunatazama macho ya watoto wengi kuliko daktari yeyote wa mkoa huu, na tunayatazama yakiwa makubwa kwenye kompyuta. Tuna mazoea ya kuisafisha mboni kwa programu kabla mama hajaiona. Nawasihi wenzangu: kabla hujaifuta ile nyeupe, mpigie mama simu.

Kufuta ni maradhi mengine ya zama hizi. Nyumba moja hapa inaweza kuwa na picha mia nne za mtoto kwenye simu ya baba na isiwe na hata moja ukutani. Simu ikidumbukia kisimani, ikiibwa mnadani, au ikiuzwa wakati wa shida kabla ya malipo ya tumbaku, mtoto anapoteza miaka yake mitatu ya kwanza kwa mara moja. Watu wa Ulyankulu hawahitaji kuelezwa maana ya hasara hiyo. Aliyevuka mpaka usiku mwaka 1972 hakubeba albamu. Nilimpelekea bibi mmoja picha ya mjukuu wake, imesafishwa kwenye karatasi, ukubwa wa kiganja. Aliishika kwa kingo kama nilivyomwonyesha, akainama nayo kuelekea mlangoni penye mwanga, akasema, "Mwanangu, huyu ni mdogo wangu kabisa. Alikuwa na paji hili hili." Hakuna picha ya mdogo wake popote duniani. Aliniomba nimsafishie nyingine, kubwa zaidi, akataka kulipia, na nikachukua hela yake kwa sababu niliona kwamba anataka iwe mali aliyoinunua.

Picha nyingi za watoto wa makazi haya ziko mbali na hapa, kwenye taarifa za mashirika na kalenda za wafadhili. Zilipigwa na wageni wenye nia njema, mtoto akitazama juu, shati limechanika, jina halikuandikwa. Kalulu naye alipigwa hivyo: kwa ajili ya mtu mwingine, apambe hadithi ya mtu mwingine. Sasa tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ridhaa ni nguzo yake mojawapo. Shule, makanisa na vikundi vinavyorusha sura za watoto mtandaoni kila wiki vinapaswa kuisoma. Ila sheria inazungumza na mzazi, na mtoto mwenyewe ana lugha yake ya kukataa. Wa miezi kumi anazika uso kifuani. Wa miaka miwili anageuka mgongo. Wa miaka minne anakwambia waziwazi, "Sitaki." Mzazi aliye pembeni, kwa heshima ya mgeni, ataanza kumgeuza mtoto kwa nguvu, na hapo ni lazima mpiga picha amwahi na kusema basi, mama, mwache.

Ninapokabidhi picha naandika nyuma yake kwa kalamu isiyochuja: jina la mtoto, jina la aliyempakata, barabara au kijiji, mwezi na mwaka. Wazazi wengine hushangaa, wananiambia si tunamjua. Lakini picha hiyo itaokotwa miaka 50 ijayo na mtu ambaye hamjui hata mmoja wao, na huenda mtu huyo akawa ni mtoto mwenyewe, anayejitafuta. Nakala ya pili namshauri mzazi aipeleke nyumba nyingine, kwa shangazi au kwa bibi, isilale na ile ya kwanza chini ya bati moja. Na kama hela inatosha picha moja tu, nawashauri wachague ile ambayo mtoto alisogea.